Pipa Ambalo Halikuuawa

Mzee wa stoo alikuwa na tabia moja ambayo mji mzima ulimchukia kwayo: alikuwa anaua mapipa. Pipa la sumu likiisha, alilivuta nje ya stoo, akalilaza, akachukua tindo na nyundo akalitoboa mara tatu, tundu moja chini na mawili ubavuni. "Nimeliua," alisema, kisha akalisukuma kwa mguu hadi kwenye rundo la wenzake nyuma ya jengo, ambako yote yaliota kutu bila kumfaa mtu. Ukimuuliza kwa nini matundu matatu, alikujibu kwamba la chini peke yake wataliziba.

Kama hukuishi mji huu huwezi kuelewa ubaya wa jambo hilo. Mji wetu wa reli ulikuwa na mabomba yaliyotoa upepo kuanzia Julai mpaka mvua zinyeshe. Wanawake waliamka kwenda kufukua mchanga wa korongo na kusubiri maji yajitokeze kidogo kidogo, kata moja baada ya nyingine. Mwenye pipa la chuma, lenye mfuniko na pete yake ya kubana, alikuwa mtu mwenye heshima. Binti akiolewa kwenye nyumba yenye pipa, mama yake alilala usingizi. Na huyu mzee alikuwa anachukua pipa zima, lisilo na hata bonyeo, analitoboa mchana kweupe watu wakimtazama. Walimwita mchoyo. Wengine walimwita mchawi, ila hilo walilisema akishapita.

Mimi niliajiriwa pale nikiwa msichana mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Kwetu ni Issuna, juu ya barabara ya Singida. Nilipewa kazi ya karani wa stoo, chini ya mzee. Asubuhi nilimwamkia shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba mwanangu, na baada ya hapo angeweza kukaa mpaka saa sita bila neno lingine. Alikuwa mtu mkavu. Alivaa koti la kaki ambalo halikutoka nje ya stoo hata siku moja. Lililala pale pale kwenye msumari, na jioni alinawa kwa majivu na sabuni mpaka viwikoni. Hakunywa chai kabla ya kunawa. Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Nilidhani ni maringo ya mtu aliyefanya kazi na Wazungu.

Ndani ya stoo ile kulikuwa na kila kitu ambacho serikali iliwahi kukihitaji kisha ikakisahau. Kulikuwa na mapipa ya sumu ya kwelea na ya viwavijeshi. Kulikuwa na magunia ya unga mweupe wa kuulia wadudu wa pamba, yaliyopasuka pembeni, na mabati ya asbesto, na mitungi ya kuzimia moto ambayo haijawahi kuzima moto. Kwenye kona ilikaa mitungi ya gesi ya majokofu, kwa sababu jengo letu lilikuwa na majokofu na viyoyozi vya enzi ya neema. Hakuna kilichoweza kutupwa. Kitu cha serikali hakifi mpaka bodi ikae na kukifuta, na bodi haikuwahi kukaa. Mapipa yakaoza yakavuja. Kazi ya mzee ilikuwa kuhamisha sumu kutoka kwenye pipa linalovuja kwenda kwenye lililo zima, na lile lililobaki tupu akaliua.

Watu waliamini ana kisa. Walisema lazima kuna mtoto wake alikufa, au mke, kwa kunywea pipa kama lile, ndiyo maana ana hasira nayo. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza. Akaniita, akafuta vumbi kwenye pipa moja kwa kiganja chenye glavu, akanionyesha maandishi yaliyobaki chini ya picha ya fuvu, akanisomea neno kwa neno: chombo hiki kisitumike tena kwa maji wala chakula, kitobolewe kikiisha. "Basi?" nikasema. "Basi," akasema. Hakuwa na kisa. Alisoma lebo akafanya ilivyoandikwa, miaka yote ile. Nakumbuka nilisikitika kidogo, maana kwa kisa ningeweza kumwonea huruma.

Halafu likaja soko huria. Mitumba ikajaa mnadani, maduka ya watu binafsi yakafunguliwa hata Mkiwa njia panda, na ofisini kwetu akaletwa bosi mpya aliyetembea na mkoba mgumu na kusema "kujiendesha" kila baada ya sentensi mbili. Ofisi ijiendeshe. Idara ijiendeshe. Siku yake ya kwanza kukagua alifika nyuma ya jengo, akaona lile rundo la mapipa yaliyotobolewa, akasimama kama mtu aliyeona ng'ombe wake wamekufa zizini.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, bosi," alisema mzee.

"Mzee wangu, dunia imebadilika. Siku hizi hata pipa tupu lina soko lake."

"Soko lipo, bosi. Na makaburi yapo."

Bosi alicheka, lakini alicheka kwa mdomo tu. Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na daftari kifuani, na nikaona vizuri kabisa upepo unavuma kwenda wapi.

Miezi michache baadaye wakaja maofisa wawili kutoka mbali, na gari jeupe, kutufanyia semina. Semina ilihusu gesi. Walituambia kwamba gesi ya majokofu na ya baadhi ya mitungi ya kuzimia moto, ikiachiwa, inapanda juu na kumong'onyoa tabaka la ozoni linalotukinga na jua, na kwamba tabaka hilo limekwisha kutoboka huko mbali kwenye barafu. Walichora duara la dunia ubaoni na shimo juu yake. Walisema majengo yote ya serikali yahesabu gesi zake, fundi asiachie hovyo, na kila ofisi iteue mtu mmoja wa kusimamia vitu hatarishi. Wazee wa ofisi walitikisa vichwa kwa huzuni, wakilisikitikia anga. Mzee wa stoo alinyoosha mkono.

"Hiyo mitungi tukishaihesabu, tuipeleke wapi?"

Ofisa akasema utaratibu unaandaliwa.

"Na sumu zilizo chini yake?"

Ofisa akasema hiyo ni wizara nyingine. Bosi akakohoa. Ulipofika wakati wa kuteua msimamizi, bosi alitaja jina langu, kwa sababu mzee alikuwa hana cheti cha shule. Nikapewa karatasi ngumu yenye nembo, na kofia. Mzee ndiye aliyenisaidia kuhesabu mitungi kesho yake, maana mimi nilikuwa sijui hata upi una gesi na upi umekwisha. Alikuwa anaugonga kila mmoja kwa ukucha na kusikiliza.

Kisha ukaja waraka wa kupunguza wafanyakazi. Kila ofisi ilikuwa na zamu yake ya kulia. Stoo yetu ilikuwa na watu wawili na ikaamuliwa abaki mmoja. Sitaki kujitetea kwa kusema nilikuwa na shida, ingawa nilikuwa nayo. Mama yangu alikuwa mjane, mimi ndiye mtoto pekee aliyevaa viatu kazini, na kurudi Issuna na sanduku kichwani kulikuwa kifo kidogo. Lakini kila mtu pale alikuwa na shida. Bosi aliniita akafunga mlango, akasema anahitaji maelezo ya maandishi kuhusu utunzaji wa mali stoo, niandike ninachokijua tu.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wangu mzuri. Niliandika kwamba mtajwa ana tabia ya kuharibu mapipa mazima ya serikali kwa tindo na nyundo, kwa makusudi, bila kibali cha bodi. Kila neno lilikuwa kweli. Sikuandika kuhusu lebo. Nilikuwa naikumbuka neno kwa neno, na kalamu ilikuwa mkononi, na sikuiandika. Nilisema moyoni, nisitie mchanga kitumbua changu.

Aliondoka siku ya Ijumaa. Koti aliliacha kwenye msumari, tindo na nyundo akachukua kwa kuwa vilikuwa vyake. Akanikabidhi funguo, akaniambia pipa la tatu kutoka mlangoni limeanza kulia matone chini, niihamishe sumu yake kabla ya Jumatano. Alijua nilichoandika, ofisi nzima ilijua. Nilimwambia kwaheri mzee na akaniitikia vizuri, na nilimchukia kwa kuniitikia vizuri.

Sikuua hata pipa moja. Kuanzia mwezi ule nikawa mtu wa maana mji huu. Niseme ukweli: sijawahi kupendwa vile, si kabla wala baada. Mapipa yalipobaki matupu, bosi alichukua yake ya kugawia wakubwa, na yaliyobaki nikaachiwa niamue. Kanisani walinipa kiti cha mbele. Msikitini walinitumia sahani ya pilau siku ya Idi, na pipa lao likaenda. Shule ikapata mawili. Wanawake waliokuwa hawanijui waliniita dada kutoka ng'ambo ya reli. Niliwaambia wote waoshe vizuri kwa mchanga na sabuni, na niliposema hivyo nilijiona nimetimiza kazi ya karatasi yangu yenye nembo.

Pipa zuri kuliko yote nilimwekea mama. Lilikuwa la rangi ya buluu, mfuniko wake haujapinda, pete yake inabana mpaka inalia. Nililiosha mwenyewe. Nilipiga mchanga, nikapiga majivu, nikamwaga maji ya moto, nikalianika juani siku tatu. Harufu ilibaki kidogo, kama ya vitunguu saumu vilivyooza. Nikasema itaisha yenyewe.

Siku ya kulipakia kwenye lori la kwenda Singida, mzee alikuwa kituoni. Siku hizo alitengeneza vibatari vya bati akauza hapo hapo, na tindo na nyundo vilikuwa mbele yake. Aliliona pipa akiwa amekaa. Akainuka.

"Mwanangu, hilo hujaliua."

Watu walikuwepo, wapakiaji, wauza karanga, akina mama wa foleni. Wote walikuwa wananijua na wananipenda. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mzee, kazi wamekuachisha. Nyundo haijapata barua?"

Walicheka sana. Nilisikia raha, sikatai. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Akauliza linakwenda wapi, nikamwambia kwa mama yangu. Ndipo akaenda kusimama mbele ya lori, mzee mwenye vikono vyembamba, tindo mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, na hakutoka dereva alipopiga honi. Wapakiaji wawili walimshika mabega wakamsogeza pembeni, mmoja akamsukuma zaidi ya ilivyohitajika, akaanguka juu ya vibatari vyake. Lori likaanza kuondoka, nami niko juu nimelishika pipa. Akaja anachechemea ubavuni mwa lori, akaniambia maneno ya mwisho kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Basi mwambie asilifukize. Nyie mnafukiza vibuyu. Akilifukiza, harufu itatoka na sumu itabaki. Mwambie hilo tu."

Nilimsikia. Lori lilikuwa bado linakwenda polepole na nilimsikia kila neno.

Mama aliliona pipa akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kwenye matembe yao. Alilizunguka. Alilipapasa kama anavyopapasa ndama. Kisha akaingiza kichwa ndani, akanusa, akasema lina harufu ya dukani, lakini si neno, atalifukiza.

Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji peke yake. Unachoma vijiti vya mti wenye moshi mtamu, unatia makaa ndani, unakitikisa, unasugua, mpaka kibuyu kinanukia. Kibuyu kinachonukia moshi ni safi. Hilo halina mjadala, bibi alilipokea kwa bibi yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Mama alikuwa anavunja vijiti. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kulisema kulikuwa na maana ya kusema limetoka kwa nani, na kwa nini mtu huyo hayupo tena kazini, na kwa nini nimeleta kitu chenye masharti kwa mama yangu mbele ya majirani waliokuwa bado wamesimama pale. Nikamsimulia kisa cha mzee kichaa aliyesimama mbele ya lori. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Akatia makaa ndani ya pipa, akainama na ufagio, kichwa na mabega yote ndani, akawa anasugua na kukohoa na kucheka.

Likanukia kama kibuyu. Mama alininusisha, na kweli, ile harufu mbaya ilikuwa imekwisha yote.

Barua ya kwanza niliyoletewa na kondakta ilikuwa ya sifa. Maji ya pipa yana ladha ya moshi, yamepoa, hata majirani wanakuja kuomba kata moja. Ya pili ilisema kuku wawili wamekufa, labda kideri. Ya tatu haikuandikwa na yeye, iliandikwa na kaka yangu. Mama anatetemeka mikono. Anatokwa na jasho akiwa kivulini. Mate yanamtoka akilala. Zahanati wamesema malaria, wamemchoma sindano, na hajambo siku mbili kisha inarudi.

Nilikwenda. Nilimkuta macho yake yamekuwa na mboni ndogo kama punje za ulezi. Alinichotea maji mwenyewe kwa mkono unaotikisika, yakamwagika nusu njiani. Nilisema nimekunywa njiani. Nilikaa siku mbili nikala mahindi ya kuchoma, nikarudi kazini kwa sababu nilikuwa sijaomba ruhusa.

Hapo ndipo familia ilipokaa. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa ndiye msemaji wa nyumba tangu baba afariki. Walipima wakaona ugonjwa umeanza na pipa, na hapo hawakukosea. Mama akakumbuka kile kisa changu cha kuchekesha. Mzee alisimama mbele ya lori, alikuwa na chuma mikononi, alitamka maneno pipa likiondoka. Mjomba akasema yote yako wazi, mzee amelitia mdomo pipa, amelilaani kwa uchungu wa kufukuzwa kazi. Jumamosi walikuja mjini, mjomba na kaka yangu, wakaniomba niwaonyeshe nyumba yake. Niliwaonyesha. Nilitembea mbele, wao nyuma.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni anagonga bati. Mjomba alimtolea maneno makali bila hata salamu, yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Anatetemeka?" aliuliza. "Macho yamekuwa madogo?"

"Umejuaje?" akasema mjomba, na kwa sauti ile nikajua amekwisha kumhukumu.

Mzee aliinuka. Alitia tindo na nyundo kwenye mfuko wa turubai, akasema twende. Hawakuhitaji hata kumshika. Njia nzima mpaka Mkiwa, na kutoka Mkiwa mpaka Issuna, hakuniangalia.

Uani kwa mama palikuwa na watu wengi kuliko siku pipa lilipofika. Mama alitolewa nje, akalazwa kwenye ngozi. Mzee alimsalimia kwa heshima, kisha akaenda kwenye pipa, akafungua mfuniko, akanusa.

"Mama, ulilifukiza?"

"Nililifukiza vizuri," alisema mama. "Kama kibuyu."

Akageuka kunitazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

"Hukumwambia?"

Mjomba naye akageuka. Kaka yangu akageuka, majirani wote wakageuka. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye ngozi ili asikie.

"Alikuambia nini?" mjomba akaniuliza.

Nimepewa nafasi nyingi maishani za kuwa mtu mwema, na nyingi zilikuwa ngumu. Hii ilikuwa rahisi. Maneno hayakufika kumi, na mama alikuwa hai, na zahanati ilikuwepo, na huenda wangempeleka hospitali wakajua wanatibu nini.

"Hakuniambia kitu," nikasema.

Mzee aligeukia pipa tena. Alipiga goti, akaweka tindo ubavuni mwa pipa, chini karibu na kitako, akapiga mara moja. Maji yakatoka kama mkojo wa ng'ombe. Wanawake walipiga kelele. Ilikuwa Oktoba, maji yale yalikuwa ya punda wawili na asubuhi nzima. Hakuwahi kupiga la pili. Kaka yangu alimkaba kutoka nyuma, mjomba akaupinda ule mkono mpaka nyundo ikaanguka, na wengine wakaja na mateke yao. Hawakumuua. Walimtoa mpaka barabarani, wakamwambia akionekana tena Issuna atachomwa moto. Tindo na nyundo alirushiwa vikamfuata. Nilisikia baadaye kwamba alitembea kwa miguu kurudi Mkiwa.

Nyuma yake, wanawake walikuwa wanakinga maji kwa sufuria na mabakuli. Mama alisema kwa sauti dhaifu kwamba tundu ni moja tu, linazibika. Kwetu nta haikosekani; kila nyumba ina bonge limefungwa kwenye kitambaa. Akaniomba mimi, kwa kuwa ndiye niliyeleta pipa, niliyeyushe.

Niliyeyusha nta kwenye kopo. Ningekataa ningeulizwa kwa nini, na dakika ile ile nilikuwa nimesema sijui kitu. Nilichovya kitambaa, nikakisokota, nikakiingiza kwenye tundu kwa kijiti, nikapaka nta tena juu yake na kuilainisha kwa kidole gumba. Nina mkono mzuri wa kazi ndogo ndogo. Halikuvuja hata tone.

Mama alifariki kabla ya mvua. Alikuwa anaomba maji siku za mwisho, na walimpa.

Siku ya kugawa vitu vyake, shangazi alitaka pipa, na hakuna aliyempinga. Ana wajukuu wengi. Wakati wanalilaza kulifunga kamba, nilichukua shoka la kuni nikalipasua, chini, ubavuni, kila mahali, mpaka shoka likakwama. Walinishika wakiniuliza nina wazimu gani. Shangazi akasema ni choyo tu, pipa nimelileta mimi, sasa mama hayupo sitaki lifae mtu. Tangu siku ile Issuna najulikana kwa choyo. Sijawahi kukataa. Choyo ni jina jepesi ukilinganisha na lile wangenipa.

Niliporudi mjini nilikwenda kwa mzee. Sijui nilitaka nini, pengine anitukane. Mkono mmoja alikuwa hautumii vizuri, ameushikilia tumboni. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia mama tumemzika, nikamwambia nililisikia lile neno kwenye lori na sikulifikisha, na pipa nimelipasua kwa shoka.

"Chini na ubavuni?"

"Kote."

Akatikisa kichwa kukubali, kama nilivyomwona akifanya stoo hesabu inapotimia. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa sijawahi kujiuliza, nakuapia, mpaka dakika ile.

"Na yale mengine?"

Aliingia ndani akatoka na tindo na nyundo, akaniwekea mapajani. Alisema mkono wake hauwezi tena, na kwamba mimi ndiye ninayejua yalikwenda nyumba gani. Hilo lilikuwa kweli. Niliyajua yote, moja moja, na walioyapokea walivyocheka.

Nilivitia kwenye droo ya meza yangu ofisini, chini ya ile karatasi yenye nembo, na nilistaafu navyo. Sikwenda hata nyumba moja. Ningegonga mlango niseme nini? Mzee alifariki miaka ile ile, na mazishini kwake watu walikuwa wachache.

Mji huu una misiba mingi, na mimi ni mtu wa kuhudhuria. Katika mmoja wa misiba hiyo, ng'ambo ya reli, nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, jua kali, na mwenye nyumba akaja na kata mkononi. Nyuma yake niliona pipa, limepauka lakini zima, pete yake bado inabana. Walikuwa wanamlilia binti wa nyumba ile, na walisema madaktari hawakuelewa ni nini. Mwenye nyumba alinikumbuka. Aliniita dada, akasema pipa lile ni mkono wangu, Mungu anibariki, akaninyooshea kata imejaa mpaka juu.

Nikamwambia sina kiu.